Elektrodi Rejea Isiyo na Maji: Kazi ya Polima

Kipimo cha pH husoma tofauti ya volteji kati ya elektrodi mbili. Moja hufuata mabadiliko ya maji yanayopimwa. Ya pili, elektrodi rejea, hutakiwa kutulia hata maji yakibadilika vipi. Kwenye nyuzijoto 25, badiliko la pH 1 ni milivolti 59 tu. Rejea ikiyumba milivolti 6, jibu limeshakosea kwa 0.1, na skrini haionyeshi dalili yoyote.

Rejea ya kawaida ni waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha, ukazamishwa katika maji mazito ya kloridi ya potasiamu. Kloridi isipopungua, volteji haisogei. Udhaifu uko kwenye kizibo cha kauri kinachounganisha maji hayo na yale yanayopimwa: tope hukiziba, na kikikauka chumvi huganda ndani yake. Maabara huvumilia hayo. Anayepima vijito vya Obokote, huko Maniema nchini Kongo, atayaona adha.

Mwaka 2014 watafiti wa Tarragona, Hispania, walieleza njia nyepesi. Polivinili butirali, ile plastiki inayoshikilia vioo vya mbele vya magari visitawanyike vikipasuka, huyeyushwa katika methanoli pamoja na chumvi ya kawaida. Fomula iliyoenea baadaye ni takriban miligramu 80 za polima na 50 za chumvi kwa mililita 1. Tone hudondoshwa juu ya fedha yenye kloridi, likaachwa likauke usiku kucha. Likilowa, maji huingia katika vinyweleo vidogo mno, chumvi huyeyuka humo humo, na kloridi hubaki tele kando ya fedha. Polima haiizuii chumvi kutoka; huichelewesha, na uimara wote umo katika ucheleweshaji huo.

Wafini wa chuo kikuu cha Åbo Akademi walishika njia nyingine: utando wa PVC wenye chumvi inayopenda mafuta, ambayo ayoni zake, chanya na hasi, hutoka kidogo kidogo kwa uwiano uleule.

Kwa rejea kama hizi, jasho, lenye chumvi nyingi, ni mtihani mwepesi. Mito ya msitu wa mvua, yenye chumvi kidogo mno, ndiyo hufichua utando mbovu. Kwa hiyo elektrodi hujaribiwa katika kloridi ya potasiamu inayoongezwa mara kumi kumi: fedha isiyofunikwa husogea karibu milivolti 59 kila hatua, ilhali iliyofunikwa vizuri husogea milivolti chache tu.