Chuma Baina ya Pete Mbili

Ustadi wa mkemia huanza puani. Disaiklopentadini, ambayo harufu yake humkirihi hata aliyeizoea, huchemshwa taratibu mpaka molekuli zake zipasuke nusu kwa nusu, na mvuke wake hupozwa ukawa maji ya kutumiwa siku ile ile, kwani yakilazwa hurejea asili yake. Kisha, katika hewa ya naitrojeni tupu, kwa kuwa kloridi ya chuma itakayotiwa haistahimili oksijeni, hukorogwa pamoja na potashi kali. Na baada ya mashaka hayo, unga mchafu unaopatikana ukipashwa moto, fuwele za rangi ya machungwa hupaa kwa mvuke na kutua juu ya kioo baridi, safi kabisa.

Hiyo ndiyo ferosini. Kealy na Pauson, waliokuwa Pittsburgh wakitafuta kitu kingine kabisa, waliitangaza mwaka 1951 wakaichora visivyo. Wala siwalaumu, maana nani angedhani kwamba chuma kimekaa baina ya pete mbili bapa, kikiwa na ujirani sawa na kaboni zote kumi? Wilkinson na Woodward huko Harvard, na Fischer mjini Munich, ndio waliolifumbua fumbo hilo.

Ama mimi huistaajabia zaidi inapotiwa umeme. Volti zikipandishwa, chuma hutoa elektroni moja na rangi ikageuka buluu ya kijani. Zikishushwa, huipokea tena, mfano wa mkopeshaji aliyerudishiwa chake, hata mwaka 1984 ferosini ikapendekezwa kuwa kipimo cha kulinganishia katika viyeyusho visivyo maji.

Sasa kila pete ivishwe mkono wa fosforasi, na mikono hiyo miwili imshike paladiamu. Paladiamu hagusi chuma, lakini, kwa sababu fosforasi imempa jozi yake ya elektroni, chuma nacho huwa kizito kutoa elektroni yake, na volti zinazohitajika huongezeka. Hivyo fundi asomaye mchoro wa mkondo hujua kwamba mikono imeshika, hata kabla fuwele haijapigwa eksirei. Nayo eksirei huongeza habari moja: pembe baina ya fosforasi mbili, ambayo paladiamu angeipenda iwe nyuzi 90, hufika karibu 98, kwa kuwa pete hazikukubali kusogezwa zaidi.