Buriani Mzee Ojwang

Mwigizaji Benson Wanjau alipofariki Julai 2015, Wakenya walimlilia Mzee Ojwang, kwa kuwa ndilo jina walilomjua nalo. Katika vichekesho vya runinga vya Vitimbi, na hata Vioja Mahakamani, alikuwa mzee Mjaluo kamili: lafudhi ile, hasira za ghafla, suruali pana, na lile "Mama Kayai!" lililomtangulia kabla hajaingia sebuleni. Watu wengi walishtuka walipogundua kwamba mwenyewe ni Mkikuyu. Wengine waliamini kabisa kwamba Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, mkewe wa kwenye igizo, alikuwa mkewe wa ndoa.

Huo ndio ufundi ninaoustahi. Katika nchi ambayo kabila hutiliwa maanani mno, aliigiza lafudhi ya wengine kwa mapenzi, na wenye lafudhi hiyo wakamkubali kama wao. Alitufundisha pia Kiswahili cha nyumbani, kile cha kugombana na kupatana.

Macho yalipomsumbua uzeeni, mashabiki walichanga pesa atibiwe. Lakini msanii hastahili kungoja harambee. Nalisihi shirika la utangazaji la KBC, lililovirusha vichekesho hivyo, livihifadhi vipindi vyake na kuvionyesha tena, na wasanii waliobaki walipwe haki yao wangali hai.