Mraba Mmoja, Herufi Moja: Emily Dickinson katika Mafumbo ya Miraba

Tangu Arthur Wynne alipochapisha fumbo lake la kwanza la miraba katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, majina ya washairi yamekuwa lishe ya mchezo huo wa kujaza maneno. Emily Dickinson (1830–1886) anaufaa sana: jina lake la kwanza lina herufi tano, mji wake wa Amherst una herufi saba, nayo maisha yake ya kujitenga na gauni lake jeupe ni vidokezo anavyoweza kuvifumbua hata asiyewahi kusoma shairi lake. Makala haya yanahoji kuwa mchezo huo, japo unalihifadhi jina la mshairi, unakinzana na msingi wa ushairi wake.

Kwa juu juu mkinzano huo hauonekani, kwani Dickinson naye alikuwa mtegaji wa vitendawili. Nyoka na garimoshi huelezwa katika mashairi yake kwa mwendo na sauti, bila kutajwa. Hata hivyo, kitendawili hukoma jibu linapotolewa. Shairi lake halikomi. Ajuaye kuwa kinachopita majanini ni nyoka bado hajaieleza hofu ya msemaji, na hofu hiyo ndiyo kiini. Mwaka 1866 gazeti la Springfield Republican lililichapisha shairi hilo kwa anwani inayomtaja nyoka. Hivyo jibu likatangulia swali.

Ushahidi mzito zaidi umo katika miswada. Katika vijitabu 40 alivyovishona mwenyewe, Dickinson mara nyingi aliweka alama ya kujumlisha kando ya neno, kisha akaandika maneno mbadala chini ya shairi bila kulifuta lile la awali. Nafasi moja ya mshororo ikawa na maneno mawili au matatu, yote yakiwa hai. Fumbo la miraba halivumilii hali hiyo: kila mraba una herufi moja, na neno linalokatiza huisimamia. Wahariri wa toleo la 1890, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, walichagua neno moja, wakaongeza anwani na kusawazisha vina. Kwa hakika walikuwa wakijaza miraba.

Suala hili linamhusu pia mfasiri wa Kiswahili. Katika shairi la garimoshi, kiwakilishi cha Kiingereza hakitofautishi mnyama na chombo, na msomaji huachwa njia panda kati ya farasi na mashine. Upatanisho wa ngeli hautoi fursa hiyo kwa urahisi: kiambishi a- kinaashiria kiumbe, li- kinaelekeza kwenye garimoshi. Sarufi yetu inaweza kufumbua fumbo katika kitenzi cha kwanza. Kwa hiyo mfasiri anapaswa kutafuta miundo isiyohitaji kiambishi cha nafsi, au kuanza na a- kwa makusudi ili msomaji apotee kwanza. Asipofanya hivyo, atakuwa amejaza mraba ambao mshairi aliuacha wazi.