Mhusika Asiye na Ulimi: Kamala wa Ulingoni na Mizani ya Pakruok

Utangulizi

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umeipa mieleka ya kulipwa nafasi finyu, pengine kwa kudhani kwamba pambano lililopangwa si mchezo, na kwamba kinachoitwa mchezo hakiwezi kuwa sanaa. Dhana hiyo haina mashiko. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliyataja mambo manne yanayoikamilisha sanaa ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Mieleka ya kulipwa inayo yote manne. Mtendaji ni mwanamieleka aliyepewa uhusika wa mtu mwema au wa mwovu. Uwanja ni ulingo. Dhana ni ugomvi unaosimuliwa kwa wiki au miezi. Nao watazamaji huupa ugomvi huo uzito wake kwa kushangilia na kuzomea.

Roland Barthes, katika insha inayofungua kitabu chake Mythologies (1957), alieleza kwamba mtazamaji wa mieleka hasumbuki kujua kama pambano ni la kweli. Anachotaka ni kuona mateso, kushindwa na haki vikidhihirishwa waziwazi. Makala hii inakubaliana na hoja hiyo na kuiongezea swali: mtazamaji anayejua kwamba matokeo yamepangwa, je, anajua pia kwamba asili ya mhusika imepangwa? Swali hili linajadiliwa kwa kumchunguza mhusika mmoja aliyedaiwa kutoka Afrika Mashariki, na kwa kumpima kwa mizani ya pakruok, sanaa ya kujisifu ya Waluo ambayo mji wa Oyugis, katika Kaunti ya Homa Bay, unaifahamu vyema.

Hadhira kama mtunzi

Katika mieleka, hadhira hushiriki katika utunzi. Mfano bora ni pambano la Bret Hart na Steve Austin lililofanyika karibu na Chicago tarehe 23 Machi 1997. Hart aliingia akiwa mwema na Austin akiwa mwovu. Austin, uso ukivuja damu, alikataa kusalimu amri hadi akazimia. Hart akaendelea kumpiga aliyekwisha kuanguka. Pambano lilipomalizika, mwovu alikuwa ameshangiliwa na mwema amezomewa. Mageuzi hayo yalikuwa yamepangwa, lakini yalipangwa kwa sababu hadhira ilikwisha kuanza kumpenda Austin miezi kadhaa kabla. Waandalizi waliandika kile walichokuwa wamekisikia kutoka vitini. Uhusiano huu hauna tofauti kubwa na ule wa mtambaji wa ngano na wasikilizaji wake, ambao kwa vicheko, viitikio au ukimya wao humfanya arefushe tukio moja na kufupisha jingine.

Hata hivyo, mtunzi mwenza huyu hutunga kwa maarifa aliyo nayo. Asichokijua hawezi kukisahihisha.

Kamala, "Mganda"

Mwaka 1982, mjini Memphis, James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950, alipewa uhusika wa Kamala, jitu la Uganda. Alipakwa rangi usoni na mwilini, akavishwa kinyago na kushikishwa mkuki, akaingia ulingoni miguu mitupu. Ilidaiwa kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin na kwamba alikula watu. Picha za kumtambulisha, zilizodaiwa kuwa za msituni, zilipigwa Tennessee. Msimamizi wake, aliyefunika uso, alivaa kofia na mavazi ya mpelelezi wa enzi za ukoloni.

Jina lenyewe linaeleza mengi. Katika sikio la Afrika Mashariki, Kamala ni jina la ukoo linalopatikana Kagera, au ni jina la mwanamke wa Kihindi; halimpeleki msikilizaji Kampala. Wabunifu hawakuhitaji jina la Kiganda, bali sauti iliyotosha kuitwa ya Kiafrika. Amin naye alikuwa amepinduliwa mwaka 1979 na alikuwa uhamishoni. Kilichobaki ulingoni ni kivuli chake, kilichokopwa ili kumtisha mtu aliyekwisha kusoma magazeti.

Lakini alama kuu ya uhusika huu ni ukimya. Katika mieleka ya Marekani, mwanamieleka hujijenga kwa maneno: hushika kipaza sauti, hujisifu, humtukana mpinzani, huahidi ushindi. Kamala hakuruhusiwa haya. Aliguna, akapiga tumbo lake, akatoa macho. Hata alipogeuzwa kuwa mwema mwaka 1993, hadhira ikamshangilia, ukombozi wake ulitamkwa na mtu mwingine: mhubiri aliyeitwa Slick ndiye aliyemfundisha kwamba yeye ni binadamu. Alihurumiwa, lakini hakusemeshwa.

Mizani ya pakruok

Vipindi vya mieleka ya Marekani vimeonyeshwa na televisheni za Kenya kwa miaka mingi. Kwa mtazamaji wa Oyugis, Uganda si nchi ya hekaya. Ni jirani ng'ambo ya Ziwa Viktoria, na ni nchi ya Wapadhola na Waacholi, ndugu wa Waluo kwa lugha. Zaidi ya hayo, utamaduni wa mtazamaji huyo una kanuni yake juu ya namna mtu anavyogeuka kuwa mhusika mbele ya umati.

Katika onyesho la nyatiti, zeze la nyuzi nane, na baadaye katika benga na ohangla, msikilizaji huweza kuinuka, akatoa fedha na kumsimamisha mwimbaji. Nyuzi huendelea chini kwa chini huku mlipaji akijitangaza: yeye ni mwana wa nani, ametoka ukoo gani, rafiki zake ni akina nani, anafananishwa na mnyama gani au na tukio gani. Hayo ndiyo pakruok, na kwa istilahi za fasihi simulizi ni aina ya majigambo. Chumvi huruhusiwa, tena hutarajiwa. Mwingine huweza kulipa ili ampiku wa kwanza, na umati huamua kwa vigelegele au kwa kicheko.

Pakruok na mieleka hufanana kwa mengi: jina la kujipa, chumvi, mpinzani, fedha, hukumu ya hadhira. Tofauti ni mbili. Kwanza, katika pakruok anayebeba jina ndiye anayelitamka. Pili, wanaoamua wanamfahamu mtu huyo au wanaufahamu ukoo anaoutaja. Akizidisha, anazidisha mbele ya wanaoujua ukweli. Chumvi yao ina kipimo.

Inaweza kupingwa kwamba fedha huiharibu pakruok pia, kwani tajiri hununua sifa asizostahili. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, tajiri hununua nafasi ya kusema. Hawezi kununua usahaulifu wa jirani zake. Huko Memphis hali ilikuwa kinyume. Watazamaji wengi waliweza kushuku kwamba pambano limepangwa; ilikuwa vigumu zaidi kushuku kwamba Uganda nayo imepangwa. Hawakuwa na jirani wa kucheka.

Sauti inaporudi

Mfano wa Kofi Kingston unaithibitisha hoja hii. Mzaliwa huyu wa Ghana alitambulishwa mwaka 2008 kuwa Mjamaika, akapewa na lafudhi; mwaka 2009 Ujamaika huo uliachwa kimyakimya. Mwaka 2019, alipoingizwa katika pambano kuziba pengo la mwenzake aliyeumia, hadhira ilimshangilia kwa nguvu ambazo waandalizi hawakuweza kuzipuuza, na tarehe 7 Aprili akatwaa ubingwa akiwa Mghana. Hapa shangwe ilikutana na mtu aliyekuwa tayari na jina lake mwenyewe.

Hitimisho

Kushirikishwa kwa hadhira kumesifiwa mno katika uhakiki wa fasihi simulizi, kana kwamba ni wema usio na kasoro. Kisa cha Kamala kinaonya kwamba hadhira isiyojua huukamilisha uongo kwa juhudi ileile ambayo hadhira inayojua huukamilishia ukweli. Kwa hiyo mhakiki asiishie kuuliza iwapo hadhira imeshiriki. Aulize imeshiriki ikijua nini, na mhusika ameachiwa ulimi kiasi gani. James Harris alifariki mwaka 2020. Miaka sita kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake, nacho kikaitwa Kamala Speaks, yaani Kamala anasema. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita tangu avishwe kinyago.