Wino Mwekundu Uliopotea Njia

Mlioangalia kipindi cha Kiingereza cha Jumamosi mliona. Mada ilikuwa virejeshi nafsi na vitenzi vyake. Binti wa kidato cha pili akaitwa ubaoni, akaandika: “The boy washed, dressed and went to school.” Sentensi safi, haina doa. Mwalimu akaitazama, akatikisa kichwa, akachukua kalamu nyekundu na kuchomeka himself baada ya washed na nyingine baada ya dressed. Akamgeukia binti: “Kitendo kimemrudia mtendaji. Kikimrudia mtendaji, -self haikosi.” Binti akaitikia “Ndiyo, mwalimu,” akarudi kukaa na kosa ambalo hakuwa nalo alipoinuka.

Uamuzi ule ni mbovu, na wala si ulimi ulioteleza, kwa kuwa kanuni yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye slaidi tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba inauliza maana ya kitendo, ilhali katika Kiingereza mwenye kauli ni kitenzi. Wash, dress, undress, shave: hivi ni vitenzi vya mtu kuutunza mwili wake, na Kiingereza kinachukulia kwamba kila mtu mzima hujifanyia hayo mwenyewe. Kwa hiyo hakimtaji. Ukimtaja, umesema jambo jingine. “She dressed” ni kwamba alivaa, basi. “She dressed herself” ni kwamba alivaa bila kusaidiwa, na msomaji anaanza kujiuliza kwa nini tunaambiwa hivyo: ni mtoto wa miaka mitatu? Ni mgonjwa aliyefungwa bandeji mkononi? Vivyo hivyo kinyozi anayewanyoa wateja wake wote mpaka jioni, kisha akajinyoa mwenyewe: hapo himself inahitajika, maana kuna wengine wa kulinganishwa naye. Mvulana wa ubaoni hakuwa na hali yoyote kati ya hizi. Alikuwa anaenda shule. Wino ule ulimfanya awe mtoto mchanga anayepongezwa kwa kufunga vifungo vya shati.

Watetezi wa mwalimu watasema ni athari za Kiswahili. Athari zipi? Kwa Kiswahili mvulana alioga, akavaa, akaenda shule. Itafute -ji- hapo, hutaiona. Akiosha, anaosha vyombo. Akivisha, anamvisha mwenzake. Lugha ya nyumbani ilikuwa inamnong’oneza jibu sahihi, naye akaziba masikio. Kosa hili limezaliwa darasani, kwa ugonjwa ninaoupigia kelele kila mwaka: kanuni inakatwa fupi ili itoshe kwenye slaidi, kisha zinafuata sentensi za “jaza nafasi” ambazo majibu yake ni himself, herself, themselves tu. Hakuna hata nafasi moja ambayo jibu lake ni kuiacha wazi. Mwanafunzi atajuaje kwamba kuacha wazi nalo ni jibu?

Penye mtego wa kweli wa -ji-, kipindi hakikukanyaga. “Najisikia vibaya” humfanya mtu aandike “I feel myself bad”, wakati feel inataka kivumishi peke yake: I feel bad. Kujiuzulu ni resign, kujiunga ni join, kujifunza ni learn, vyote bila mkia. Halafu kuna kujivunia, ambayo inakutana na pride uso kwa uso: “She prides herself on her cooking.” Pride ikiwa kitenzi haisimami bila -self, perjure na absent nazo ni hivyo hivyo. (Na jitahidi msiihesabu kabisa: ji yake imekuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, hairejelei mtu.) Mafungu haya yangetosha kipindi kizima, nayo yangemfaa mtoto kwenye insha.

Ila lililoniudhi zaidi lilifuata baadaye kidogo. Mwanafunzi mwingine akasimulia safari: “We went to Bagamoyo and we enjoyed very much.” Mwalimu: “Very good!” Makofi.

Enjoy ni kitenzi elekezi, kinadai yambwa. We enjoyed the trip, au we enjoyed ourselves, moja ya hizo. “Enjoy!” ya mhudumu anayekuwekea sahani mezani imekwisha kuzoeleka, sigombani nayo, lakini haikupi ruhusa ya kuiacha “we enjoyed” ikining’inia. Hiki ndicho kitenzi ambacho Waswahili tunakikosea kuliko vyote katika mada hii, na ndicho pekee kilichopita bila wino. Refa kapuliza penalti kwa mpira uliogonga kifua, kisha akaucheka ule uliodakwa kwa mikono miwili.

Haki yake nimpe: yourself na yourselves alizipambanua vizuri, na tofauti ya themselves na each other, yaani -ji- na -ana, ilieleweka.

Lakini A. S. Hornby asingevipima vitenzi vyote kwa kanuni moja ya slaidi. Alianza kufundisha Kiingereza Japani mwaka 1924, na kule aligundua kwamba mwanafunzi anaweza kujua maana ya kitenzi na bado asijue kinaandamana na nini. Kamusi aliyoiandaa na Gatenby na Wakefield ilitoka Tokyo mwaka 1942, na ndiyo iliyokuja kuwa kamusi ya wanafunzi ya Oxford tunayoifahamu. Mwaka 1954 akaongeza kitabu kizima cha miundo ya vitenzi. Kazi yake yote ilisimama juu ya wazo moja, kwamba kila kitenzi kiulizwe peke yake. Kabla yake Jespersen, Mdenmark aliyeandika sarufi ya Kiingereza ya juzuu saba, alishaona kwamba lugha hii ina mwelekeo wa kuvitupa virejeshi pasipo na utata. Historia iko upande wake. Katika Kiingereza cha kale, mtendaji akirudiwa na kitendo, kiwakilishi cha kawaida kama him au me kilitosha. Self ilikuwa ya kutilia mkazo, kama mwenyewe yetu. Biblia ya mwaka 1611 bado ina mabaki ya mtindo huo. Kwa vitenzi vingi kiwakilishi hicho kikadondoka, kitenzi kikabaki peke yake. Mwalimu wetu wa Jumamosi alikuwa anakitundikia kitenzi mzigo ambao Waingereza wenyewe wamekuwa wakiutua kwa karne nyingi.

Na kama vile haikutosha, akafunga kipindi kwa “contact my producer or myself”. Mhariri wangu amechoka kunisikia juu ya hili, lakini nitalisema: myself inahitaji I ndani ya sentensi ya kuirejelea, na hapo anayeamriwa kuwasiliana ni mtazamaji. Me ni neno fupi, halina aibu yoyote. Washereheshaji wa harusi tuwasamehe. Kipindi kinachofundisha virejeshi nafsi hakisameheki.

Waandaaji wametangaza sehemu ya pili. Ombi langu ni waiondoe ile slaidi, wavigawe vitenzi katika mafungu matatu: visivyosimama bila -self, visivyoitaka kabisa, na vile ambavyo ikiwepo hubadilisha maana. Na wewe mzazi uliyekaa na mwanao mbele ya runinga, usisubiri sehemu ya pili. Fungua kamusi kwenye enjoy, umsomee mifano yote kwa sauti.