Fundi Asiyepiga Ramli

Handeni inasifika kwa waganga, na watu hufunga safari kutoka mbali kuja kupigiwa ramli. Fundi ninayemsifu hapa, yule wa gereji za kandokando ya barabara Korogwe au pale Chanika, Handeni mjini, riziki yake inatokana na kutobahatisha.

Mpelekee Hilux ya kabureta ya miaka ya 1980, inatetemeka ikinguruma bila kukanyagwa mafuta na inakunywa mafuta kuliko zamani. Fundi mwenye papara atakwambia kabureta imekufa, leta hela. Huyu hata boneti hajaigusa. “Mzee, linamisi likiwa la baridi au likishapata moto? Mlimani tu, au hata tambarare? Mafuta ulijaza wapi?” Swali la mwisho si la kupoteza muda. Petroli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Ndipo gari linawashwa. Anashika waya wa plagi ya kwanza kwa koleo lenye mpira, anauchomoa. Mlio unashuka, injini inataka kuzima. Basi silinda hiyo inafanya kazi. Anaurudisha, anahamia wa pili. Akichomoa wa tatu, injini haishtuki hata kidogo. Mvivu amepatikana. Plagi yake inafunguliwa, inageuzwageuzwa juani. Hudhurungi hafifu ni afya. Ikilowa oili, ringi au sili za vali zimechoka. Ikiwa na masizi makavu, anafungua na zile nyingine kabla hajasema neno: zote nne zikiwa nyeusi, anashuku kabureta au eakilina iliyozibwa na vumbi jekundu la njia ya Kilindi, ikiwa hiyo moja tu, anageukia waya, kava ya disitibuta, tapeti. Kwa fundi kutofautisha hayo mawili tu, mwenye gari ameokoa bei ya kabureta nzima.

Nina ugomvi mmoja na mafundi wetu, hata walio bora: wanapenda mno kung’oa themostati. Gari likichemka mara moja, themostati inatupwa na mteja anaambiwa amepona. Injini inabaki ya baridi kila asubuhi kwa muda mrefu, inakula mafuta, oili inachafuka upesi, na mwenye gari anarudi baadaye kulalamikia kabureta isiyo na kosa.

Aliyeiva haamini hata lalamiko la ulaji mafuta mpaka alipime. Jaza tangi pomoni Korogwe, nenda Handeni urudi, takribani kilomita 130, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Zikiingia lita 13, gari halina neno. Zikiingia 20, linakwenda kilomita 6.5 tu kwa lita, na hapo kuna kazi. Hata hivyo anaanzia chini: anapiga jeki, anazungusha gurudumu kwa mkono asikie kama breki inashika, anapima upepo. Mara nyingine injini haina hatia yoyote.

Kwa hiyo ukifika gereji, usimwagize fundi abadilishe kifaa gani. Mweleze gari linavyofanya, jibu maswali yake kwa ukweli, na umlipe muda wa kutafuta hata kama hakukuuzia spea yoyote.