Njia Kabla ya Unyayo: Uteuzi wa Vifaa vya Barabara za Wanakijiji katika Mchezo wa Minecraft Ukisomwa kutoka Kongwa

1.0 Utangulizi

Minecraft ni mchezo wa kompyuta uliotolewa rasmi na kampuni ya Mojang ya Sweden mwaka 2011. Mchezaji huchimba, hubeba na kupanga vitofali vya umbo la mchemraba mpaka apate nyumba, shamba au mji mzima. Ndani ya ulimwengu huo wamo wanakijiji, yaani wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, ambao hulima, hulala, hufanya biashara na kukutana kwenye kengele ya kijiji. Mchezaji anayewajengea makazi hukabiliwa mapema na swali linaloonekana dogo: barabara zao zitandazwe nini? Udongo, mawe, matofali au mbao?

Makala haya yanalichukulia swali hilo kuwa la kihakiki. Yanadai kwamba uteuzi wa vifaa vya barabara unafichua namna mchezo unavyomtazama mwanakijiji: unampa upendeleo, lakini unamnyima unyayo. Mwanakijiji anaweza kuipenda njia, ila hawezi kuifanya njia. Ili kulipima dai hili, mchezo unasomwa kutoka Kongwa, mkoani Dodoma, mahali ambapo historia ya karne ya 20 ilishuhudia mara mbili watu na ardhi vikipangwa kutoka juu.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uchambuzi unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Ian Bogost ambaye, katika kitabu chake cha Persuasive Games (2007), anaeleza kwamba mchezo wa kompyuta hushawishi kwa kanuni zake zaidi ya maneno na picha zake. Mawazo hayo yanaitwa hapa balagha ya kanuni. Kwa mujibu wake, mhakiki haishii kutazama jinsi kijiji kinavyopendeza kwenye kioo. Huuliza pia ni jambo gani limeruhusiwa kutendeka humo na ni lipi halikuruhusiwa kabisa.

Wazo la pili ni la Michel de Certeau, mwanafikra wa Kifaransa, aliyetofautisha katika maandishi yake ya mwaka 1980 kati ya mji unaoonekana na anayeutazama kutoka juu na mji unaoandikwa na miguu ya wapitao chini. Mpangaji huchora barabara. Mpita njia hukata kona, huzunguka dimbwi, na hatimaye huacha kijia ambacho hakikuwamo katika mchoro.

3.0 Kanuni Zinavyomsema Mwanakijiji

Mchezo huu una matoleo mawili makuu, nayo hayakubaliani kuhusu jambo hili. Katika Toleo la Java, kanuni za msingi hazimpi mwanakijiji sababu ya kupenda barabara kuliko nyasi. Zinamwepusha na hatari, kama vile moto, kisha zinamwacha aelekee anakokwenda. Huko barabara ni pambo. Mjenzi akitandaza udongo au matofali ya mawe, tofauti ataiona yeye mwenyewe.

Katika Toleo la Bedrock hali ni nyingine. Faili linaloeleza tabia ya mwanakijiji lina sehemu inayotaja njia anazozipendelea, na kila aina ya kitofali imepewa gharama. Njia ya udongo, ile inayopatikana kwa kupiga nyasi kwa sepetu, ina gharama ya 0. Mawe, matofali na mbao zina gharama ya 1. Ardhi ambayo haikutajwa ina gharama ya 1.5. Kuruka kwenda juu kuna gharama ya 5, na kukanyaga kitanda au vifaa vya kazi kuna gharama ya 50. Kwa hesabu hiyo, vitofali 10 vya nyasi vinabeba gharama ya 15, vitofali 10 vya mawe vinabeba 10, na vitofali 10 vya njia ya udongo havibebi kitu.

Takwimu hizi ni matini, na zinasomeka. Jambo la kwanza zinalolisema ni kwamba umaridadi wa barabara haumhusu mwanakijiji. Mjenzi anayechoma na kuchonga mawe ili kuwapa wakazi wake barabara ya kifahari anawapa kitu wanachokipenda kidogo kuliko udongo uliopigwa sepetu. Jambo la pili ni kwamba mwinuko ni mzito kuliko kifaa: ngazi moja ya kuruka inazidi gharama ya vitofali vitatu vya nyasi. Anayetaka barabara itumike asawazishe ardhi kwanza, kisha ndipo afikirie kutandaza.

Katika hatua hii mchezo unastahili sifa. Umeipa njia nyenyekevu hadhi ya juu kuliko barabara ya mawe, jambo ambalo wapangaji wengi wa dunia halisi hawakulifanya. Hata hivyo, sifa hiyo ina mpaka, na mpaka huo unaonekana katika umbo la kitofali chenyewe. Njia ya udongo imezama kidogo, kwa sehemu moja ya 16 ya kimo cha kitofali cha kawaida, kana kwamba imekanyagwa kwa miaka. Lakini haikukanyagwa na yeyote. Imetokana na pigo moja la sepetu la mchezaji au imewekwa na programu iliyokizalisha kijiji. Mwanakijiji akipita juu ya nyasi zilezile mara 1,000, nyasi hazitalala wala kijia hakitatokea. Mvua nayo hunyesha bila kuleta tope. Hivyo kitofali kinaiga alama ya unyayo huku kanuni zikiuzuia unyayo usiache alama.

4.0 Kipimo cha Kongwa

Msomaji wa Kongwa anaufahamu mpangilio huu: njia kwanza, watu baadaye. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi nyingine za ukanda huo kwa takribani wiki tisa, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanywa kwa ndege, na ukapendekeza kilimo cha karanga cha zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1947 Kongwa ikawa kituo cha kwanza cha mradi huo. Udongo wake mwekundu ulikauka na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, chembe zake kali zikala majembe ya matrekta, na mvua ya msimu mmoja haikufuata ratiba ya ofisini. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na takribani pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Reli ya tawi iliyojengwa kutoka Msagali hadi Kongwa iling'olewa baadaye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mchezo nao una jicho hilo la angani. Katika hali ya ubunifu mchezaji hupaa juu ya kijiji, akachagua kifaa na kukitandaza bila kuchoka. Tofauti ni kwamba udongo wa Kongwa uliweza kukataa. Udongo wa mchezo haukatai.

Mara ya pili ilikuwa baada ya uhuru. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwahamisha Wagogo na jirani zao kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda katika vijiji vilivyopangwa, nyumba zikifuata mistari na barabara. Kongwa, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, haikusalimika. Lengo lilikuwa huduma: shule, maji na zahanati. Lakini mfugaji aliyekuwa na tembe karibu na malisho yake alikuwa na mtandao wa vijia ulioandikwa na miguu yake na ya ng'ombe wake, nao haukuwamo katika ramani ya kijiji kipya.

Fasihi ya Kiswahili iliusajili mvutano wa aina hiyo. Katika Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi, riwaya inayosawiri uanzishwaji wa vijiji vya ujamaa, wanakijiji hubisha na kupinga. Ubishi huo ndio unaowapa uhai wa kihusika. Mwanakijiji wa Minecraft hana nafasi hiyo. Upendeleo wake umekwisha kuandikwa kabla hajapiga hatua ya kwanza.

5.0 Hoja ya Upande wa Pili

Inawezekana kudai kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba kuupima kwa historia ya Kongwa ni kuutwika mzigo usio wake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mchezo ungebaki sebuleni. Mwaka 2012 Mojang na shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, waliingia ubia uliozaa mpango wa Block by Block, unaotumia mchezo huu kuwashirikisha wananchi katika kusanifu maeneo ya umma. Miongoni mwa maeneo ya mwanzo ulikuwamo uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Matini hii, basi, imekwisha kuwa kalamu ya kuchorea ardhi halisi.

Ni haki kukiri kwamba katika mpango huo wakazi wenyewe ndio wanaoshika kalamu, jambo ambalo halikutokea Kongwa mwaka 1947. Hata hivyo, kalamu ina tabia yake. Chombo ambacho mvua yake haileti tope, na kisichojua mmomonyoko wala kijia cha mkato, kitamwonesha mkazi barabara ikiwa imekamilika siku ileile inapotandazwa. Masuala ya masika ya pili na ya njia za mifugo yatalazimika kuletwa mezani na watu, kwa kuwa mchezo hautayaleta.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba katika Minecraft uteuzi wa vifaa vya barabara ni mahali ambapo itikadi ya mchezo husomeka kwa tarakimu. Toleo la Java linaifanya barabara kuwa pambo la mjenzi. Toleo la Bedrock linamsikiliza mwanakijiji, lakini kwa sauti iliyoandikwa na mwingine. Katika yote mawili njia hutangulia unyayo. Kongwa inafundisha kwamba mpangilio huo ukihamishiwa duniani huwa na gharama, na kwamba gharama hiyo hailipwi na aliyepaa juu.

Jambo moja linabaki kuwa la kutia moyo. Faili la gharama katika Toleo la Bedrock liko wazi. Anayejua kulisoma anaweza kulibadili. Kijana wa Kongwa anaweza kuandika kanuni ambayo nyasi zinazokanyagwa mara nyingi hugeuka njia, na masika huilainisha njia isiyotunzwa. Siku atakapofanya hivyo atakuwa ameandika hoja katika lugha ya mchezo wenyewe, na wahakiki wa Kiswahili watawajibika kuisoma.